Mpiga Piano Huishije? Hotuba kwa Wazazi na Wanafunzi wa Piano, Mombasa

Salaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi ambao mmeshapiga zenu na sasa macho yote yako kwenye sambusa: nimepewa nusu saa, nami nitajitahidi nisiimalize yote.

Kamati imeniletea swali la mzazi mmoja. Naomba nilisome lilivyo. "Mwalimu, binti yangu anasema anataka kuwa mpiga piano wa matamasha. Je, hiyo ni kazi, au ni jambo la jioni baada ya kazi?" Nimeona walimu wawili hapa mbele wakikunja uso. Msikunje. Anayelipa ada ana haki ya kuuliza inakwenda wapi.

Ni kazi, mama. Ila ile mnayoiona kwenye simu, mtu kavaa nyeusi, okestra imemzunguka, ukumbi mzima umesimama unapiga makofi, hiyo ni ncha yake tu. Makofi hayo ni matamu, sitawadanganya. Lakini wanaolipa kodi ya nyumba kwa makofi peke yake ni wachache duniani, na hali hiyo haikuanza jana. Waliobaki, wakiwemo wengi ambao majina yao yamechapwa juu ya karatasi za muziki mnazobeba mikobani, waliishi kwa kufundisha. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na kama nitapotea njia katikati, mnirudishe hapo.

Mchukueni Chopin, ambaye tumemsikia hapa leo mara mbili, ya pili vizuri zaidi. Katika maisha yake yote alipiga mbele ya umma mara 30 hivi. Kuna kwaya hapa kisiwani zinazoimba mara nyingi kuliko hizo ndani ya mwaka mmoja! Kumbi kubwa zilimtia hofu. Alifika Paris mwaka 1831, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1849, na mkate wake ulitoka kwa wanafunzi. Alifundisha hadi watano kwa siku, faranga 20 kwa somo, na kibarua wa Paris wakati huo alihitaji siku kadhaa kuzipata faranga 20. Mnaposikia kwamba Chopin alikuwa mtunzi mkubwa, kumbukeni kwamba asubuhi zake nyingi alizimaliza akimsikiliza binti wa tajiri akikosea palepale alipokosea wiki iliyopita.

Liszt, mpiga piano na mtunzi wa zama hizo hizo, alikuwa kinyume chake. Yeye jukwaa lilikuwa nyumbani kwake. Kabla yake, tamasha lilikuwa mchanganyiko: mwimbaji aje, mpiga fidla aje, piano ipate zamu yake. Ni Liszt aliyekaa peke yake na piano yake jioni nzima na kuwafanya watu waone kwamba hilo latosha. Alizunguka Ulaya yote, wanawake wakizimia, magazeti yakiandika. Kisha mwaka 1847, akiwa na miaka 35, akaacha kupiga kwa malipo. Miaka 35! Umri ambao wengi wetu ndio kwanza tunaanza kuaminiwa. Akaishi karibu miaka 40 mingine akitunga, akiongoza okestra na kufundisha, na wanafunzi wake wa Weimar, kule Ujerumani, hakuwatoza hata senti. Nitarudi kwenye hilo la kutotoza, maana naona baadhi yenu mmeanza kutabasamu.

Na ili msidhani nachagua mifano inayonifaa tu, yupo Clara Schumann. Huyo kweli aliishi kwa matamasha. Mume wake, Robert, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1854 na kufa humo mwaka 1856, akamwachia watoto saba. Clara akafunga virago akaenda kupiga, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka, ili watoto wale na wasome. Hata yeye, mwaka 1878, alikubali kazi ya kufundisha katika chuo cha muziki cha Frankfurt, na wanafunzi walimfuata huko kutoka nchi nyingi.

Nimemtaja Clara kwa sababu ya pili pia. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga hadharani bila noti mbele yake, kwa moyo. Walikuwepo walioona hayo ni majivuno, msichana mdogo kujifanya kazi ya mtunzi ni yake. Leo imekuwa ndiyo desturi: ukialikwa kupiga tamasha zima, watu wanatarajia dakika 70 au 80 za muziki kutoka kichwani. Maelfu kwa maelfu ya noti, kila moja na kidole chake. Watoto wangu, mnaolalamika juu ya ukurasa mmoja na nusu, nawatazama.

Kuna jambo jingine la jukwaani ambalo hadhira haioni. Mpiga udi huja na udi wake. Mpiga fidla hulala na fidla yake chumbani. Mpiga piano huikuta piano ugenini. Horowitz, nyota wa piano wa karne iliyopita, alisafiri na yake, lakini huyo alikuwa Horowitz. Sisi wengine tunafika ukumbini mchana, tunakutana na chombo ambacho hatukijui, kimoja vibao vyake ni vizito, kingine pedali inalia, tunapewa saa moja au mbili tuelewane nacho, na usiku tunapiga kana kwamba tumekua pamoja. Ufundi huo hakuna kitabu kinachoufundisha. Unafundishwa na mwalimu mwenye piano mbovu.

Sasa nije kwenye kufundisha kwenyewe. Hapa Mombasa nina bahati ambayo mwenzangu wa Ulaya hana, kwa sababu jambo ambalo yeye angelieleza kwa saa nzima, nyinyi mnalijua tangu utotoni. Mtoto wa Kibokoni au wa Majengo anayesoma chuoni hakai na msahafu peke yake akajihesabu amehitimu. Anasoma mbele ya maalim, maalim anamrekebisha herufi kwa herufi, na maalim huyo naye alisoma mbele ya maalim wake, aliyesoma mbele ya wake, na ukiuliza utatajiwa majina. Ni silsila. Sifananishi Kitabu na muziki, hasha. Nasema juu ya njia ya kupokezana elimu tu. Piano inapokezwa vivyo hivyo, mkono kwa mkono, na majina yapo.

Hebu nitaje moja. Beethoven alimfundisha Carl Czerny, yule yule wa mazoezi mnayoyachukia. Czerny akamfundisha Theodor Leschetizky. Leschetizky akamfundisha Artur Schnabel, ambaye kati ya mwaka 1932 na 1935 alikuwa wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, zile kazi ndefu za piano, kwenye sahani za santuri. Schnabel akamfundisha Mmarekani Leon Fleisher, na Fleisher amefariki majuzi tu, mwaka 2020, akiwa na miaka 92. Hesabuni: kutoka Beethoven hadi mtu aliyekuwa hai wakati simu zenu hizi zipo mfukoni, ni wanafunzi wanne tu.

Na kwenye silsila hiyo hiyo mna kisa cha ada. Liszt alipoletwa Vienna akiwa mtoto, baba yake si tajiri, Czerny alimfundisha bila kudai malipo. Mtoto huyo alipokuwa mzee wa Weimar akawafanyia wanafunzi wake vilevile. Wema nao ulipokezwa. Lakini msinielewe vibaya, ada ya mwezi huu ingali inadaiwa.

Kitu gani hasa hupita katika mikono hiyo ambacho hakimo kwenye karatasi? Nitawapa mfano mmoja mdogo, nao nitaukalia kidogo kwa sababu ndio moyo wa kazi hii. Vitabu karibu vyote vya wanaoanza humkalisha mtoto kwenye C, vibao vyeupe vitupu, vidole vitano juu ya vibao vitano. Kwa macho ni rahisi: hakuna cheusi cha kuchanganya. Kwa mkono ni tabu. Tazama vidole vyako: cha kati ni kirefu, gumba na cha mwisho ni vifupi. Ukivipanga vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka, virefu lazima vijikunje, na mtoto anaanza kukaza kifundo cha mkono kabla hajapiga hata noti kumi. Chopin aliliona hilo. Yeye alimwambia mwanafunzi aweke gumba kwenye E, vidole vitatu vya kati juu ya vibao vitatu vyeusi vinavyofuata, na cha mwisho kwenye B. Jaribuni hata hapo kwenye magoti yenu. Vidole virefu vimepanda juu, vifupi vimebaki chini, mkono umejipinda wenyewe bila kuambiwa. Ndiyo maana skeli, yaani ngazi ya sauti, aliyoanza nayo ilikuwa ya B meja, ile yenye vyeusi vitano, ambayo watoto wote huiogopa, na ile ya C aliichelewesha kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi kuipiga sawasawa.

Maneno hayo yameandikwa, ndiyo, na mimi nimewasomea sasa hivi. Lakini ni lini mkono wa mtoto huyu, mwenye gumba fupi na woga wa mwalimu wake wa kwanza, uko tayari kuhamishwa? Ni lini umwache akosee na ni lini umsimamishe? Hapo huna karatasi. Una masikio yako, na kumbukumbu ya namna mwalimu wako alivyokufanyia wewe.

Schnabel alimpokea Fleisher akiwa na miaka tisa, na akawapa wazazi sharti: mtoto asipelekwe kupiga matamasha. Wazazi, nawaomba mlifikirie sharti hilo. Mtoto mwenye kipaji cha namna ile, na mwalimu mkubwa kuliko wote wa zama zake anasema jukwaa lisubiri. Mimi hapa hupigiwa simu na mzazi ambaye mtoto wake ameanza Januari, anataka apige kwenye harusi ya shangazi yake Agosti. Tena kwa kibodi ya kukodi!

Fleisher ana funzo jingine. Alikua, akawa nyota. Kisha mwaka 1964, akiwa na miaka 36, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe ndani ya kiganja. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ambao huwapata watu wanaorudia tendo moja la mkono kwa miaka mingi. Wakati huo haukujulikana vizuri. Kwa mtu aliyejijua kuwa ni mikono miwili, alikuwa amekwisha. Akapiga kazi zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto pekee. Zipo, nyingine aliziagiza mpiga piano Paul Wittgenstein aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mtunzi Ravel akamwandikia moja ambayo ukifumba macho huamini ni mkono mmoja. Akaongoza okestra. Na zaidi ya yote akafundisha, huko Baltimore, kwa miongo mingi. Alipoulizwa juu ya kidole, hakuweza kuonyesha, ilimbidi aseme. Akatafuta maneno. Wanafunzi wake wengi wamekuwa wapiga piano wakubwa. Miaka ya 1990, kwa matibabu ya sindano na ya kukandwa, mkono ulirudi kiasi cha kupiga kwa mikono miwili tena, lakini darasa hakuliacha. Kwa hivyo mtu akisema mbele yangu kwamba afundishaye ni yule aliyeshindwa kupiga, huwa namtajia Fleisher, kisha naendelea na chai yangu.

Haya, tushuke sasa Mombasa.

Shida yetu ya kwanza ina jina la hewa. Piano ni mbao, sufi na chuma. Ndani yake mna nyuzi zipatazo 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 18 hadi 20, kwenye fremu ya chuma kizito. Chini ya nyuzi kuna ubao mwembamba wa sauti, na ubao huo unakunywa hewa. Watengenezaji wanataka unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mombasa, sehemu kubwa ya mwaka, tuko juu ya 70. Masika yakiingia ubao unavimba, nyuzi zinakazwa, sauti za katikati zinapanda. Kaskazi ikikauka zinashuka. Chumvi ya baharini inakula nyuzi. Panya wanapenda sufi ya nyundo, nondo nao wanaipenda, na mchwa hawabagui. Ndiyo maana piano nyingi za zamani katika mji huu, zilizoachwa kwenye kumbi tangu enzi za Mwingereza, ukizifungua unakuta kabati zuri lenye kutu ndani.

Lakini sikilizeni, unyevu wenyewe hauui kama unavyoua kule kubadilikabadilika. Ninaijua piano iliyokaa miaka kwenye ukumbi wazi, madirisha mapana, hewa ya pwani inaingia na kutoka, nayo bado inalia. Na ninaijua nyingine, ya bei kubwa, iliyowekwa kwenye chumba chenye AC inayowashwa Jumapili tu saa mbili hadi saa sita, halafu inazimwa hadi Jumapili ijayo. Hiyo imepasuka ubao. Kama huwezi kuwasha AC siku zote, usiiwashe kabisa. Wazee walikuwa na dawa yao: taa ndogo ndani ya piano, chini, inawaka usiku na mchana kukausha hewa. Inafaa hadi leo, ila iwe ile balbu ya zamani yenye kutoa joto. Kuna aliyefuata ushauri wangu akaweka ya LED, akaniambia mwalimu, haisaidii. Haisaidii kwa sababu haina joto. Yeye alikuwa anawamulikia panya.

Na fundi. Kutyuni piano, yaani kuziweka sauti zake sawa, Mombasa ni kungoja mtu aje. Vijana mlioko hapa mnaopenda muziki lakini mnajua jukwaa si lenu, hiyo ni kazi, nawaambia kwa dhati. Ina sikio, ina hesabu, ina mikono, na washindani huna. Ukiijua sawasawa, kila kanisa, kila hoteli na kila shule yenye piano kuanzia Diani hadi Malindi itakuwa na namba yako.

Sasa, nikishaorodhesha hivyo, hutokea mzazi akasema basi, mwalimu, sisi wa joto na chumvi hatuna letu, piano ni ya watu wa baridi. Huyo namsimulia habari za Hanoi, kule Vietnam. Mpiga piano Dang Thai Son alizaliwa Hanoi mwaka 1958, joto la kiangazi kama letu na unyevu kama wetu, na juu ya hayo vita. Ndege za Marekani zilipokuwa zinaangusha mabomu, chuo cha muziki kilihamishwa kijijini. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, mpiga piano, ambaye hakuacha kufundisha kwa sababu ya mabomu. Baadaye kijana akaenda Moscow. Mwaka 1980 akashinda mashindano ya Chopin ya Warsaw, yale yaliyoanza 1927 na ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitano, mtu wa kwanza kutoka Asia kuyashinda. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikie. Mwaka 2021 mashindano hayo hayo yalishindwa na kijana wa Kanada, Bruce Liu. Mwalimu wake nani? Dang Thai Son.

Mama, mtoto, mwanafunzi.

Kwa hivyo tusilaumu hewa peke yake. Tutazame pia namna tunavyosoma. Wengi wenu mko kwenye mitihani ya gredi ya ABRSM, bodi ya London iliyoanza mwaka 1889, gredi ya kwanza hadi ya nane. Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Umewapa watoto wa Kenya kipimo kinachotambulika popote, na ule utaratibu wa kudai nadharia ya gredi ya tano kabla hujafanya ya sita kwa vitendo ni wa busara. Ugomvi wangu ni na sisi. Tunachukua vipande vitatu vya mtihani, tunavipiga mwaka mzima, vitatu hivyo hivyo, cheti kinakuja, kinatundikwa sebuleni karibu na picha ya kuhitimu ya kaka. Ukimwambia mtoto wa gredi ya tano apige kitu kingine, hana. Ukimwekea noti mpya mbele yake, anakutazama wewe. Mtoto anapaswa kusoma vipande vingi vidogo, vyepesi, vibaya kwa vizuri, kama anavyosoma hadithi. Vile vitatu vya mtihani vitajitokeza vyenyewe miezi ya mwisho.

Tena tuna hazina ambayo hatuitumii. Watoto wetu wa kwaya wanaimba solfa. Mpe mtoto wa kwaya do, atakuimbia sauti ya nne bila piano, na atamsikia jirani yake akiteleza. Hilo ni sikio ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya huwalipa walimu ili walipate. Halafu tunamkalisha kwenye piano na kumfundisha kana kwamba hajui chochote! Mwalimu mwenzangu, mwimbishe kwanza hicho kipande kwa solfa, kisha umwonyeshe kwamba mistari mitano inasema jambo hilo hilo.

Na mtoto aliyekulia kwenye taarabu ana sikio la namna nyingine. Nyumba ambamo Juma Bhalo aliimba redioni kila jioni, au ambamo udi wa Zein l'Abdin ulikuwa ukisikika kwenye kaseti, mtoto amezoea maqamu, ngazi za sauti za Kiarabu. Katika maqamu iitwayo Rast sauti ya tatu huanguka katikati ya vibao viwili; udi unaifikia, fidla inaifikia, piano haina. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wa namna hii, kwa uchungu kabisa, sauti hiyo iko wapi humu. Haimo, nikamwambia. Chombo hiki kilitengewa sauti 12 katika oktavu na zaidi ya hapo hakijui. Lakini anayesikia kilichokosekana tayari anasikia kuliko wengi, na mtoto huyo nilimpa muziki wa Bach, mstari wa sauti juu ya mstari, akatulia.

Ipo pia piano ya Kiafrika, nami nasikitika kwamba humu nchini haipigwi vya kutosha. Kwabena Nketia wa Ghana alitunga vipande 12 vya kufundishia ambavyo vinamfanya mtoto apige kwa mikono miwili midundo anayoijua kwa miguu. Akin Euba wa Nigeria aliandika juu ya jambo hilo na kulitungia kazi kubwa. Ethiopia wana Girma Yifrashewa, aliyeanza na krar, kinubi cha Kiethiopia, utotoni, akasoma piano katika shule ya muziki ya Yared mjini Addis Ababa, akaenda Sofia, Bulgaria, akarudi kufundisha palepale Yared. Mnaona njia yake? Alirudi darasani.

Kwa yule binti aliyeuliziwa swali na mzazi wake. Sijui yuko wapi humu, na sitaki asimame. Binti yangu, ukitaka njia ya jukwaani, hesabu zake ni hizi. Vyuo vikubwa vitakutaka ukiwa na miaka 17, 18, na utapiga mbele ya waamuzi Bach, sonata nzima, etudi, yaani kipande cha kupima ufundi wa vidole, na kazi kubwa ya karne ya kumi na tisa, zote kwa moyo. Maana yake kuanzia sasa ni saa tatu, nne kwa siku, pamoja na shule. Si lazima uanze mbali: Nairobi kuna chuo cha muziki, Kenya Conservatoire, tangu mwaka 1944, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shahada ya muziki. Jifunze kusindikiza waimbaji, maana wapiga piano wanaojua kumfuata mwimbaji hawakosi kazi. Pokea zamu kanisani. Na kuanzia mwaka huu chukua mwanafunzi mmoja, mtoto wa jirani, miaka sita au saba. Bure au kwa mia mbili, shauri yako. Utakapolazimika kumweleza kwa nini gumba linapita chini ya kidole cha tatu, ndipo utakapojua kama wewe unalijua.

Walimu wenzangu, na sisi tupige. Mwalimu asiyepiga mbele ya watu anasahau hofu ilivyo, na anawadai watoto kile ambacho yeye hakitoi. London wakati wa Vita vya Pili, kumbi zimefungwa kwa ajili ya mabomu, mpiga piano Myra Hess alianzisha matamasha ya saa za chakula cha mchana katika jumba la picha la taifa, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishwa kwa usalama. Kiingilio shilingi moja. Yaliendelea zaidi ya miaka sita, Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi hatuna bomu lolote, na pale Nkrumah Road watu wa ofisini wanatafuta kivuli kila siku saa saba. Nusu saa tu, mara moja kwa mwezi. Nimeshazungumza na wenye ukumbi, hawakukataa, wanachotaka ni majina ya watakaopiga. Karatasi iko kwa katibu, na jina langu ndilo la kwanza, kwa hivyo msiseme nimewatuma.

La mwisho, wale mnaotaka kununua. Kibodi ya vibao 61 ni ya mwaka wa kwanza tu; baada ya hapo mtoto anahitaji vibao 88 vyenye uzito, hata kama ni piano ya umeme, na kwa hewa yetu hiyo ya umeme si aibu. Ukikuta piano ya mbao iliyoshuka na kontena, usiangalie rangi. Fungua juu uangalie kutu kwenye nyuzi. Piga kila kibao, chini hadi juu, polepole, usikilize kinachokwama. Muulize fundi kama pini zinazokaza nyuzi zinashika, kwa sababu pini zikilegea umenunua meza. Na usilipe siku hiyo hiyo, hata muuzaji akikuapia kwamba kuna mwingine anakuja jioni kutoka Nyali.

Naona mkono kule nyuma, karibu na mlango. Simama, baba, tukusikie. Na nyinyi watoto, sambusa sasa ruhusa.